Tom Simpson na Kiu ya Mlima Ventoux

Kila kundi letu la baiskeli linapopanga safari ya Jumamosi kwenda Marui, kule ndani Kisarawe, hakosekani mtu wa kujitapa. Utamsikia anasema yeye hagusi maji mpaka Pugu, na habari ya kula ni mpaka arudi chuo. Anakuja na chupa moja, tena nusu, na tumboni ana chai ya rangi tu. Wenzake wanamshangilia, eti huyo ndiye mwanaume wa shoka. Mimi nikimsikia namkumbuka Mwingereza mmoja aliyekufa kabla wengi wa wazazi wetu hawajazaliwa. Huyo alikuwa na nguvu kutushinda sisi wote kwa pamoja. Jina lake Tom Simpson.

Simpson alizaliwa tarehe 30 Novemba 1937 katika kijiji cha Haswell, kaskazini mwa Uingereza. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto sita, na baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Baadaye familia ilihamia Harworth, kijiji kingine cha migodi, na huko ndiko kijana alikoshikwa na baiskeli. Alifanya kazi ya kupeleka bidhaa za duka majumbani kwa wateja, akipiga pedeli na mzigo. Ukimwona kijana wa Kisarawe anashuka kuelekea Dar na magunia ya mkaa kwenye keria, basi umemwona na Simpson wa miaka ile. Baiskeli kwake ilianza kuwa kazi kabla ya kuwa mchezo.

Alipanda haraka. Mwaka 1956, akiwa na miaka 19, alipata medali ya shaba na timu ya Uingereza kwenye Olimpiki ya Melbourne. Miaka miwili baadaye akachukua ya fedha Cardiff, kwenye michezo ambayo leo tunaiita ya Jumuiya ya Madola. Lakini fedha halisi ya mchezo huo ilikuwa bara, Ufaransa na Ubelgiji. Kwa hiyo mwaka 1959 akafunga virago, akavuka bahari na akiba ya pauni 100, akafikia Saint-Brieuc, mji wa pwani ya Ufaransa. Ugenini ulikuwa ugenini kweli, lakini alikuwa amekwenda kutafuta maisha na hakuwa na mpango wa kurudi mikono mitupu.

Hakurudi mikono mitupu. Mwaka 1961 alishinda mbio za Flanders, Ubelgiji, Mwingereza wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1962 akawa Mwingereza wa kwanza kuvaa jezi ya njano ya Tour de France. Jezi hiyo si ya Yanga, huvaliwa na anayeongoza mbio zote, na yeye aliivaa kwa siku moja tu. Mwaka 1963 alishinda mbio za Bordeaux hadi Paris, zaidi ya kilomita 550 kwa mkupuo mmoja, na mwaka uliofuata Milano hadi San Remo. Mwaka 1965 akawa bingwa wa dunia kule San Sebastián, Hispania. Nyumbani, watazamaji wa BBC wakamchagua mwanamichezo bora wa mwaka.

Sasa tuje kwenye maji. Zama zile waendesha baiskeli waliamini kwamba kunywa sana ni udhaifu. Hata waandaaji wa Tour walimwekea kila mshindani kikomo cha chupa nne kwa siku, kama lita mbili hivi, kwa safari ya kilomita 200 na ushee chini ya jua la Julai. Kwa mtu anayetoka jasho la lita moja au zaidi kwa saa, hizo lita mbili ni kama tone. Kwa hiyo wachezaji walikuwa wakisimama njiani, wanavamia baa na kubeba chochote kilichopo kaunta, kiwe bia, divai au soda, wanagawana na kuendelea. Sheria haikuwazuia kusikia kiu. Iliwafanya tu wanywe visivyofaa.

Ndipo ukaja mwaka 1967. Simpson alikuwa na miaka 29, ana mke na mabinti wawili, na alijua miguu ya mwendesha baiskeli haina miaka mingi. Alitaka kumaliza Tour katika nafasi nzuri ili apate mkataba mnono. Katikati ya mbio, kwenye milima ya Alps, tumbo likamchafuka. Akaharisha, chakula kikawa hakipiti. Mtu mwingine angepumzika. Yeye alikuwa wa saba kwenye msimamo, na nafasi ya saba ina bei yake. Akaendelea.

Tarehe 13 Julai walitoka Marseille kwenda Carpentras, zaidi ya kilomita 210, na katikati yake kuna mlima Ventoux. Mlima huo una kimo cha mita 1,900 na kitu. Juu ni kipara, mawe meupe matupu, hakuna hata mti wa kujifichia jua. Joto siku hiyo lilipita nyuzi 40. Karibu na mwanzo wa mpando, pale Bédoin, Simpson alipata brandi kwenye baa moja. Ilipobaki kama kilomita moja kufika kileleni alianza kuyumba barabarani kama mlevi, kisha akaanguka. Akataka apandishwe tena kwenye baiskeli, wakampandisha. Akaenda mita mia kadhaa, akaanguka mara ya pili, mikono bado imekamata usukani. Helikopta ilimpeleka hospitali ya Avignon, na jioni hiyo ikatangazwa kuwa amefariki.

Uchunguzi ulikuta amfetamini na pombe mwilini. Hapa ndipo watu wengi humalizia hadithi: alikufa kwa dawa, basi. Ni kweli lakini ni nusu ya ukweli. Dawa ile haimpi mtu nguvu mpya. Inaziba mdomo wa mwili, usiseme umechoka, na huku inaongeza joto. Pombe nayo inafukuza maji kupitia mkojo. Weka hayo juu ya mtu aliyeharisha siku tatu, asiyekula, aliyepewa chupa nne, kwenye jua lile. Moyo ulisimama kwa sababu kila kengele ya hatari ilikuwa imezimwa, nyingine na yeye, nyingine na sheria za mchezo wenyewe.

Na ndiyo maana namwandika kwenye gazeti la wanafunzi. Sisi wa chuo tunazijua sana hizo kengele na namna ya kuzizima. Boom likikata tunapiga pasi ndefu, mlo mmoja jioni. Wiki ya mitihani tunapiga msuli kwa kopo la kinywaji cha kuamsha badala ya wali. Halafu Jumamosi tunataka kukanyaga hadi Marui kwa ujasiri wa maneno.

Mwili una akiba ya sukari ya saa moja na nusu hadi mbili za kukanyaga kwa nguvu, baada ya hapo unakata moto. Kwa hiyo kula kabla hujasikia njaa: ndizi mbivu moja au mbili kila saa, au kipande cha chapati, au muhogo wa kuchemsha wenye chumvi, na Kisarawe muhogo si wa kutafuta. Kunywa kidogo kidogo njiani, usingoje koo likauke. Usijaze tumbo maji matupu kwa mkupuo pia, maana chumvi ikipungua sana kwenye damu nayo inaua. Ukianza kusikia baridi juani, au kizunguzungu, shuka, kaa kivulini. Hakuna jezi ya njano Marui.

Simpson alizikwa Harworth. Pale alipoangukia lilijengwa jiwe la ukumbusho, na waendesha baiskeli wanaopanda Ventoux husimama hapo na kumwachia kofia na chupa zao za maji. Kila mtu humwachia kile alichokikosa.

Jumamosi hii tunaondoka saa 12 asubuhi kabla jua halijawa kali. Kila mtu aje na chupa mbili na chakula cha njiani. Yule jamaa yetu wa nusu chupa naye aje. Ya pili nitambebea mimi.