Carver: Mtoto wa utumwa aliyewafunza maskini kula mboga na matunda

UKITAJIWA jina la George Washington Carver, huenda akili yako ikakimbilia njugu karanga. Ni kweli alizifanyia utafiti mwingi. Lakini kuna kazi yake nyingine isiyosemwa sana: kuwafunza Wamarekani Weusi maskini kula mboga na matunda.

Alizaliwa mtumwa mwaka wa 1864 hivi, karibu na Diamond, jimbo la Missouri. Akiwa mtoto mchanga, yeye na mamake walitekwa nyara. Yeye alirudishwa, mamake hakuonekana tena. Kwa kuwa alikuwa mgonjwa-mgonjwa, aliepushwa kazi nzito za shamba. Alisaidia jikoni na bustanini, na muda uliobaki alizurura msituni akikusanya mimea.

Alihama nyumbani akiwa bado mvulana kutafuta shule iliyopokea watoto Weusi. Alijilipia karo kwa kupika na kufua nguo za watu. Chuo kimoja Kansas kilimkubali kwa barua, kisha kikamkataa kilipoona rangi yake. Wapi! Hakukata tamaa. Alipata shahada ya kwanza Iowa mwaka wa 1894, na ya uzamili 1896. Mwaka huohuo, Booker T. Washington akamwita kufundisha Tuskegee, Alabama.

Huko alikuta pamba hadi mlangoni. Familia nyingi za Weusi zililima mashamba ya wengine na kukopa chakula dukani: nyama ya nguruwe yenye mafuta tele, unga wa mahindi na molasi. Watoto walikua kwa vyakula hivyo vitatu, mwaka nenda mwaka rudi. Baadaye pelagra, ugonjwa unaoletwa na lishe duni, ukaua watu wengi eneo hilo.

Carver angeweza kuwahubiria. Lakini utamwambiaje mtu asiye na hela anunue matunda? Basi akaanza na kile walichokuwa nacho: kipande cha ardhi kando ya nyumba, na mimea iliyojiotea yenyewe.

Aliandika vijitabu kwa lugha nyepesi. Mnamo 1908 alieleza jinsi ya kupika kunde, zao lililotoka huku kwetu Afrika. Mnamo 1910 aliwaandikia walimu wa mashambani jinsi ya kuanzisha bustani na wanafunzi wao. Mnamo 1917 alitoa njia 43 za kutumia plamu za mwituni, na 1918 njia 115 za kuandaa nyanya. Alijua kijana hali kitu kwa sababu tu kina vitamini. Lazima kiwe kitamu!

Kwa wasioweza kufika chuoni, masomo yaliwafuata. Kuanzia 1906, gari la kuvutwa na wanyama, lililobeba vifaa na mbegu, lilizunguka vijijini.

Hata uzeeni hakuchoka. Mwaka wa 1942, wakati wa vita, aliandika kuhusu mboga za mwituni, yale magugu ambayo watu hung'oa na kutupa.

Alifariki Januari 5, 1943, akazikwa Tuskegee. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Aliacha somo ambalo mtoto wa maskini yeyote anaweza kulitumia: kabla hujasema huna cha kula ila kile cha dukani, angalia kwanza nyuma ya nyumba.