Charles Messier, Karani wa Nyota

Miaka mingi nimejaza madaftari ya ofisi za watu, ndiyo maana maisha ya Mfaransa huyu yananigusa kuliko ya wanafalaki wenye majina makubwa zaidi.

Charles Messier alizaliwa Badonviller mwaka 1730, mtoto wa kumi kati ya kumi na wawili. Babake alifariki yeye akiwa na miaka 11. Mwaka 1751 alikwenda Paris, akaajiriwa na mwanafalaki Delisle, si kwa elimu, bali kwa khati yake nzuri. Kazi ilikuwa kunakili ramani na kuandika daftari. Darubini alijifunza hapo hapo kazini.

Delisle alimchorea ramani ya kutafutia nyota ya mkia ya Halley. Ramani ilikuwa na kosa. Messier alipoipata nyota hiyo, Januari 1759, mkulima mmoja wa Ujerumani alikwisha kuiona usiku wa Krismasi. Hata hivyo bwana wake akamkataza kutangaza mpaka Aprili. Karani aseme nini? Alinyamaza, nami ningenyamaza.

Baadaye aligundua mwenyewe nyota za mkia 13. Kilichomuudhi ni vidoa vya ukungu vinavyofanana nazo lakini havisogei. Akafungua orodha, akaandika mahali pa kila kidoa, asije akapoteza usiku tena kwa kitu kile kile. Machi 18, 1781, katika buruji ya Mashuke, ambayo Waarabu huiita Sunbula, aliandika namba 87. Kwake kilikuwa kidoa tu, kisicho na nyota ndani.

Mkewe na mtoto wao mchanga walikuwa wamefariki mwaka 1772. Novemba 1781 akatumbukia katika shimo la kuwekea barafu, akavunjika mkono, paja na mbavu. Mapinduzi ya Ufaransa yakamkatia mshahara, hata akawa anaomba mafuta ya taa kwa mwenzake Lalande. Alifariki mwaka 1817.

Namba 87 ni galaksi kubwa ya umbo la duaradufu, yenye nyota zisizohesabika. Mwanga wake husafiri kiasi cha miaka milioni 54 kutufikia. Aprili 2019 ilitolewa picha ya shimo jeusi lililo katikati yake, ya kwanza kupata kupigwa, lenye uzito wa jua letu mara bilioni 6.5. Wataalamu huiita galaksi hiyo M87. Hiyo M ni Messier.