Yatima Aliyeiponya Kabureta

Mwezi huu napenda kuwasimulia maisha ya Wilhelm Maybach, fundi wa Ujerumani. Wengi wetu tumenufaika na kazi yake pasipo kulijua jina lake.

Alizaliwa tarehe 9 Februari 1846 mjini Heilbronn, mtoto wa seremala. Mama yake alifariki, na Wilhelm alipofika umri wa miaka 10, baba naye akafariki na kuacha wana watano. Ndipo mhubiri Gustav Werner alipompokea katika nyumba yake ya yatima na maskini mjini Reutlingen. Nyumba ile haikutoa chakula na malazi tu; ilikuwa na shule na karakana. Walezi walimwona Wilhelm ana kipawa cha kuchora, wakamfundisha kuchora mitambo.

Mwaka 1863 Gottlieb Daimler alikuja kusimamia karakana ile. Alimpenda kijana huyo kwa bidii yake, na urafiki wao ulidumu mpaka Daimler alipofariki mwaka 1900. Kufikia mwaka 1885 walikuwa wamekwisha kuunda injini ndogo ya petroli yenye mwendo wa haraka.

Lakini injini za siku zile zilikuwa na ugonjwa. Petroli haiwaki vizuri ndani ya injini mpaka ichanganyike na hewa kwa kiasi chake, na kazi hiyo ni ya kabureta. Kabureta za kwanza zilikuwa chombo cha petroli tu, hewa ikapitishwa humo ichukue mvuke. Sehemu nyepesi ya petroli ilitangulia kuruka, ikabaki ile nzito isiyotoa mvuke wa kutosha. Siku za baridi mvuke ulipungua, na barabara mbovu ilivuruga kila kitu. Injini ilikohoa, ikazimika.

Mwaka 1891 Maybach aliiacha kampuni ya Daimler kwa kuwa hakuridhika na masharti ya kazi. Hata hivyo hakukata tamaa. Aliendelea na majaribio mjini Cannstatt, na mwaka 1893 akatoa kabureta ya namna nyingine. Ndani yake mna kikombe chenye boya. Petroli ikipanda, boya huinuka na kuziba njia. Ikipungua, boya hushuka na kuifungua. Hivyo kimo chake hakibadiliki. Kisha injini ikivuta hewa, petroli hutoka katika tundu jembamba kama manyunyu, nyepesi na nzito pamoja. Maybach hakutibu kikohozi, alitibu kilichokisababisha.

Mwaka 1895 alirudi kazini, na baadaye akachora gari la Mercedes la mwaka 1901. Alifariki tarehe 29 Desemba 1929, akiwa na miaka 83. Boya lake bado limo katika kabureta za pikipiki nyingi na jenereta ndogo.

Nikiwa mwalimu mstaafu, nawafikiria sana wale walezi wa Reutlingen. Wangempa mtoto yule uji na blanketi tu, wangekuwa wametenda jambo jema. Walimpa na penseli pia. Ndugu zangu, yatima tunao mtaani petu. Tunapowapelekea unga, tuwaulize pia wanapenda kujifunza kazi gani.