Ian Donald: Tabibu Aliyetenganisha Maji na Nyama

Neno uvimbe lina maana pana. Mgonjwa wa Kitale au Bungoma aliyefura tumbo huweza kulitumia kwa mambo mawili yasiyofanana: kifuko kilichojaa maji, ambacho aghalabu hutibika, au donge la nyama, ambalo pengine ni saratani. Kwa karne nyingi vidole vya tabibu havikuweza kuyatofautisha kwa yakini. Picha za eksirei nazo, licha ya kuonyesha mifupa barabara, hazikusaidia sana. Makala haya yanamulika maisha ya Ian Donald, mtu aliyelitatua fumbo hilo.

Donald alizaliwa tarehe 27 Desemba 1910 huko Liskeard, Uingereza. Familia yake ilihamia Afrika Kusini, naye akasoma Cape Town kabla ya kurejea Uingereza na kuhitimu udaktari mjini London mwaka 1937. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa tabibu katika jeshi la anga. Alitunukiwa nishani kwa kuwaokoa wanahewa kutoka katika ndege iliyokuwa ikiteketea huku mabomu yakiwa bado ndani. Jeshini humo ndimo alimofahamu rada na sona, mitambo itumayo mawimbi na kupokea mwangwi wake.

Mwaka 1954 aliteuliwa kuwa profesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Tarehe 21 Julai 1955 alikwenda katika kiwanda cha Babcock & Wilcox huko Renfrew, buti za magari mawili zikiwa zimebeba uvimbe uliotolewa matumboni mwa wagonjwa. Kiwandani palikuwa na mtambo wa kutafutia nyufa ndani ya vyuma kwa mawimbi ya sauti isiyosikika. Mawimbi hayo yalipopita katika kifuko cha maji, hayakurudisha mwangwi kutoka ndani. Yalipopita katika nyama, mwangwi ulirudi. Baadaye mhandisi kijana, Tom Brown, na daktari John MacVicar walishirikiana naye kuunda mtambo wa kuwachunguzia binadamu.

Wenzake wengi walilitilia shaka jambo hilo. Ndipo akaletewa mwanamke aliyeaminika kuwa na saratani ya tumbo isiyoponyeka. Mtambo ulionyesha kifuko kikubwa cha maji. Mama huyo alipasuliwa, kifuko kilichoota kwenye ovari kikatolewa, naye akapona. Mwaka 1958 watatu hao walichapisha matokeo ya utafiti wao katika jarida la The Lancet. Donald aliendelea na kazi ijapokuwa yeye mwenyewe alipasuliwa moyo zaidi ya mara moja. Alifariki tarehe 19 Juni 1987.

Matunda ya kazi yake yalifika katika pembe yetu ya Kenya. Kaskazini mwa Kitale, katika nchi ya Waturkana, mayai ya tegu wa mbwa huwaingia watu na kuota vifuko vya maji, hasa kwenye ini. Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kuudhibiti ugonjwa huo, na mitambo ya altrasaundi ya kubebeka ikatumiwa kuwachunguza wafugaji huko huko waliko. Utambuzi huo ni suala la uhai: kifuko cha aina hii kikidungwa sindano kiholela, maji yake huweza kuvuja, yakamdhuru mgonjwa ghafla na kueneza mbegu za ugonjwa tumboni.

Leo altrasaundi ni kipimo cha kawaida katika hospitali za Kitale na Bungoma. Hata hivyo, mtambo huonyesha tu. Anayetambua ni jicho lililofunzwa. Tena, utambuzi haukamiliki hadi mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoielewa. Mama anayeambiwa tu kwamba ana uvimbe hurejea nyumbani na hofu ile ile aliyokuja nayo. Donald alitenganisha maji na nyama kwa mwangwi. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wa kuvitenganisha kwa maneno.