Maria Montessori, Mama Aliyefundisha kwa Vidole



Ukipita karibu na darasa la chekechea asubuhi, mara nyingi utasikia watoto wakiimba herufi kwa pamoja. Kuimba si vibaya. Lakini mtoto wa miaka minne hujifunza kwanza kwa mkono, ndipo mdomo hufuata. Aliyelionyesha jambo hili kwa vitendo ni daktari wa Italia, Bibi Maria Montessori. Jina lake limeandikwa kwenye vibao vya shule nyingi za watoto nchini mwetu, lakini ni wachache wanaojua habari za maisha yake.

Alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle. Kwanza alitaka kuwa mhandisi, kisha akageukia udaktari. Baba yake hakupendezwa, maana siku zile udaktari ulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Binti hakurudi nyuma. Mwaka 1896 alihitimu katika Chuo Kikuu cha Roma, akawa miongoni mwa madaktari wanawake wa kwanza wa nchi ile.

Kazi ilimpeleka katika nyumba za wagonjwa wa akili mjini Roma. Huko aliwakuta watoto wenye ulemavu wa akili wamefungiwa bila hata kitu cha kuchezea. Akasoma maandiko ya waganga wawili wa Ufaransa, Itard na Séguin, waliowahi kuwafundisha watoto wa namna hiyo kwa njia ya kugusa na kushika. Akatengeneza vifaa vyake, akawafundisha. Baadhi yao wakajua kusoma na kuandika. Watu walimsifu, lakini yeye alijiuliza: ikiwa hawa wameweza, kwa nini watoto wenye afya njema wanabaki nyuma katika shule za kawaida?

Miaka hiyohiyo alipata huzuni kubwa. Mwaka 1898 alizaa mtoto wa kiume, Mario, na daktari mwenzake ambaye hawakuoana. Kwa desturi za wakati ule, habari hiyo ingemwondoa kazini. Mtoto akapelekwa kulelewa na watu wengine shambani, na mama akawa anakwenda kumtazama tu. Mario alirudi kwa mama yake akiwa kijana wa miaka kumi na mitano hivi. Basi mwanamke aliyeifundisha dunia namna ya kulea watoto hakupata nafasi ya kumlea wake alipokuwa mdogo.

Tarehe 6 Januari 1907, siku ya Epifania, alifungua Nyumba ya Watoto ya kwanza katika San Lorenzo, mtaa wa maskini mjini Roma. Walikuwa watoto hamsini hivi, wa miaka miwili au mitatu hadi sita au saba, ambao wazazi wao walishinda kazini. Humo ndimo alimoona nguvu ya vidole.

Mtoto alianza kwa kunawa mikono kwa maji ya vuguvugu na kuikausha, ili ncha za vidole ziwe tayari. Kisha alipewa kibao chenye sehemu mbili, moja laini na moja iliyobandikwa msasa. Alipitisha vidole polepole, na mwalimu akataja neno: laini, au lenye kukwaruza. Baadaye mwalimu alimwomba aonyeshe lililo laini, na mwisho akamwuliza analogusa likoje. Baada ya hapo vililetwa vipande vya nguo, viwili viwili: mahameli, hariri, sufu, pamba, kitani. Vikachanganywa, na mtoto akafungwa kitambaa machoni ili avioanishe kwa kugusa tu. Hatimaye zikaja herufi zilizokatwa kwa msasa, naye akazifuatisha kwa vidole. Haikupita miaka, watoto wa miaka minne na mitano walianza kuandika, hata kabla ya kuweza kusoma kitabu.

Sifa zake zikaenea Ulaya na Marekani. Kuanzia mwaka 1924 serikali ya Mussolini iliziunga mkono shule zake, naye akaupokea msaada huo. Lakini walipotaka watoto wafundwe kuwa askari wa chama, njia zikaachana, na mwaka 1934 akaondoka Italia. Mwaka 1936 vita vilimfukuza Hispania, akahamia Uholanzi. Mwaka 1939 alikwenda India pamoja na Mario. Italia ilipoingia vitani mwaka uliofuata, Waingereza wakamweka Mario kizuizini. Wakamwachia siku mama yake alipotimiza miaka sabini. Huko India Bibi Montessori alifundisha walimu zaidi ya elfu moja.

Alifariki Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952. Inaelezwa kwamba siku ileile alikuwa akizungumza na Mario juu ya kwenda Afrika, katika nchi ambayo sasa ni Ghana, kufundisha walimu. Mario alimwona ni dhaifu mno kwa safari hiyo. Yeye hakufika, ila kazi yake ilifika: hapa kwetu vyuo vya walimu wa Montessori vimekuwapo kwa miaka mingi, kama kile cha Msimbazi, Dar es Salaam, na kile cha Mtwara.

Ndugu zangu, wengine watasema vifaa hivyo ni vya wenye fedha. Tukumbuke kwamba hata neno msasa ni jina la mti ambao majani yake mafundi wetu waliyatumia kulainisha mbao. Hapa Mbeya na Iringa tuna kipande cha blanketi, khanga kuukuu, gunia la katani, ganda la mgomba, jiwe la mtoni na lile la kusugulia nyayo, na milulu iliyobaki baada ya kusuka kikapu. Weka viwili viwili katika mfuko, mtoto aingize mkono na kutafuta vinavyofanana. Anza na jozi mbili tu, moja laini na moja ya kukwaruza, ndipo uongeze. Maharage na mawe madogo wasipewe wanaotia vitu mdomoni au puani.

Tena iko faida nyingine. Mtoto aliyelelewa kwa Kihehe au Kinyakyusa akifika shuleni, neno la Kiswahili aliloimbishwa tu humtoka upesi. Lakini akilipata neno huku kitu chenyewe kikiwa mkononi mwake, hubaki nalo. Akina mama wenye vipande vya nguo na mafundi seremala wenye vipande vya msasa wavipeleke kwa mwalimu wa watoto. Mfuko mmoja watosha kuanzia.