Jeevanjee ni nani? Story ya buda mwenye park pale tao

Umelala kwa nyasi za Jeevanjee mara ngapi bila kujiuliza huyo msee ni nani?

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi, akatua Mombasa 1890. Kampuni yake ndiyo ilileta vibarua Wahindi wa kujenga reli. Akaanzisha gazeti unaloliita leo The Standard, akapea Nairobi hiyo bustani, akawa mtu wa kwanza asiye mzungu kuingia Legco. Alikufa 1936, story yake ikafifia.

Sasa 1991 wenye doo wakataka kujenga maghorofa hapo. Mjukuu wake, Zarina Patel, akakataa katakata, Wangari Maathai akamuunga mkono. Park ikapona. Zarina hakuishia hapo: alifukua makaratasi ya zamani, akauliza watu wa familia, na 1997 akatoa kitabu kuhusu guka yake.

Nyasi bado ziko. Kulala ni bure.