Christopher Columbus: Nahodha aliyejulikana kwao kwa hati za deni

Kwa zaidi ya miaka 400 watu wamegombania asili ya Christopher Columbus, nahodha aliyevuka bahari ya Atlantiki mwaka 1492. Waitaliano wanasema ni wa Genoa. Wako Wareno wanaosema ni Mreno, na Wahispania wanaomtaja kuwa mtu wa Catalonia au Galicia. Wengine humweka miongoni mwa Wayahudi wa Hispania waliolazimika kuficha dini yao.

Sababu ya ubishi huo ni yeye mwenyewe. Columbus hakupenda kueleza habari za wazazi wake. Karibu barua zake zote zilizobaki ziko kwa Kihispania, hata zile alizowapelekea watu wa Genoa. Mwanawe Fernando aliandika kitabu cha maisha ya baba yake, lakini kuhusu mji aliozaliwa akaacha mambo yaelee hewani. Mtu akikaa kimya namna hiyo, kila jirani hupata nafasi ya kumdai.

Hata hivyo, biashara ya ukoo wake iliacha karatasi. Genoa ulikuwa mji wa bandari na wafanyabiashara. Mkopo, kodi ya nyumba, mauzo ya shamba na makubaliano ya kumweka kijana kwa fundi viliandikwa mbele ya mwandishi wa hati, aliyetia tarehe, majina ya pande zote, majina ya baba zao na mashahidi. Madaftari hayo yalihifadhiwa, na ndiyo yanayotuonyesha familia ya mzee Domenico Colombo.

Domenico alikuwa mfumaji wa nguo za sufi. Aliwahi pia kulinda lango la mji, na baadaye akauza jibini na mvinyo. Mkewe aliitwa Susanna Fontanarossa, na miongoni mwa watoto wao walikuwamo Cristoforo, Bartolomeo na Giacomo. Hawakuwa watu wa mali. Mwaka 1470 familia ilihamia Savona, mji jirani wa pwani, na mwaka huohuo, tarehe 31 Oktoba, Domenico na Cristoforo walikiri deni la mvinyo mbele ya mwandishi wa hati. Kijana ameandikwa kuwa amepita miaka 19. Kwa hesabu hiyo, alizaliwa mwaka 1451 au kabla ya hapo kidogo.

Lakini je, mdaiwa huyo wa mvinyo ndiye amiri wa Hispania? Majina ya Cristoforo na Colombo yalikuwa ya kawaida katika Italia. Jibu lilipatikana mwaka 1904, pale Mwitaliano Ugo Assereto alipotangaza hati aliyoikuta katika kumbukumbu za Genoa. Hati hiyo ni ya tarehe 25 Agosti 1479, na inahusu mzigo wa sukari.

Wakati huo Cristoforo alikuwa akiishi Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Mwaka 1478 mfanyabiashara Paolo di Negro alimtuma kisiwani Madeira kununua sukari kwa ajili ya tajiri Ludovico Centurione wa Genoa. Fedha alizopewa hazikutosha. Sukari iliagizwa, wauzaji wakakataa kuitoa yote bila malipo, na mzigo ukakwama. Centurione akataka kujua kosa ni la nani. Wakala wake akaitwa Genoa kutoa ushahidi kwa kiapo.

Kama ilivyo desturi ya mashahidi, aliulizwa umri wake na mahali atakapokwenda. Akajibu kwamba ana miaka kama 27, na kwamba kesho yake asubuhi anaondoka kwenda Lisbon. Ameandikwa kuwa raia wa Genoa. Umri huo unalingana na ule wa hati ya mvinyo. Tena, Columbus wa Hispania anajulikana kuwa aliishi Lisbon na Madeira miaka hiyohiyo, na karibu na wakati huo alimwoa Filipa Moniz Perestrelo, binti wa mtawala wa kwanza wa Porto Santo, kisiwa jirani na Madeira.

Hati nyingine inafunga fundo. Tarehe 11 Oktoba 1496, watoto watatu wa Antonio Colombo, ndugu yake Domenico, walikwenda kwa mwandishi wa hati mjini Genoa. Walikubaliana mmoja wao, Giovanni, asafiri kwenda Hispania kumtafuta Cristoforo Colombo, amiri wa mfalme wa Hispania. Nauli na gharama wangechangia theluthi kwa theluthi, na faida yoyote wangegawana vivyo hivyo. Wafanyabiashara wa mipakani wanaijua hesabu hiyo: ndugu amefanikiwa ng'ambo, mtaji ni mdogo, basi mnachangishana nauli ya mmoja. Miaka miwili baadaye, katika safari ya tatu ya Columbus, nahodha wa mojawapo ya merikebu zake alikuwa jamaa yake kutoka Genoa, Giovanni Antonio Colombo. Safari hiyo ilianza Mei 1498, mwezi mmoja baada ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi.

Mwaka huo wa 1498 Columbus aliandika pia mpango wa mirathi yake. Humo anamwagiza mrithi wake adumishe nyumba Genoa, kwa kuwa ndiko alikozaliwa na kutoka. Wapo waliotilia shaka nakala ya waraka huo, lakini hati za deni na sukari zinasimama hata bila huo.

Kwa nini basi watu waligombana? Kwa sababu asili ilikuwa na bei. Katika mkataba wa tarehe 17 Aprili 1492, wafalme wa Hispania walimwahidi cheo cha amiri, utawala wa nchi atakazofikia na sehemu ya kumi ya faida. Mali hiyo ilikuwa na damu ndani yake. Mwaka 1495 watu wa Taino wapatao 500 walipakiwa melini kwenda kuuzwa Hispania kama watumwa, na waliobaki walidaiwa kodi ya dhahabu. Columbus mwenyewe alirudishwa Hispania akiwa na pingu mwaka 1500, akafariki Valladolid tarehe 20 Mei 1506 akiwa bado anadai haki zake. Wanawe waliendeleza kesi dhidi ya serikali kwa miaka mingi.

Mwaka 1578 kitukuu wake Diego alifariki bila kuacha mtoto wa kiume. Hapo wakajitokeza wadai hata kutoka Italia. Baldassare Colombo wa Cuccaro alileta nasaba ya kuonyesha kwamba baba wa amiri alikuwa Domenico wa ukoo wa kibwana wa Cuccaro. Lakini Domenico wa Cuccaro alikufa mwaka 1456, na baba wa amiri alikuwa hai zaidi ya miaka 30 baada ya hapo. Mfumaji wetu wa sufi bado anaonekana katika hati ya mwaka 1494. Jina lilifanana, tarehe zikakataa. Mwaka 1608 urithi ulikwenda kwa Nuño wa Ureno, mzao wa Isabel, mjukuu wa Columbus.

Siku hizi ubishi umehamia kwenye vinasaba. Mifupa iliyozikwa Seville ilifukuliwa mwaka 2003, na vipimo vikaonyesha kwamba inahusiana na ya nduguye Diego, ambaye ndiye Giacomo wa hati za Genoa. Oktoba 2024, mtaalamu José Antonio Lorente alisema kwenye televisheni ya Hispania kwamba asili ya Columbus ni ya Kiyahudi, kutoka magharibi ya Mediterania. Wataalamu wenzake walimkosoa kwa kutangaza bila kuchapisha vipimo wavikague. Hata vikithibitishwa, damu ya mababu ni jambo moja na mji wa kuzaliwa ni jambo jingine; mtoto wa ukoo wa Kiyahudi aliweza kuzaliwa Genoa.

Anayetafuta babu yake wa baharini katika pwani yetu anaweza kufuata njia hiyohiyo. Jina peke yake halitoshi, kwani wenye jina moja ni wengi. Aanze na karatasi zenye tarehe na jina la baba: hati za deni, mkataba wa nyumba, wosia, daftari la mizigo. Kisha aone kama umri na miaka vinakubaliana. Na aliye na biashara leo atunze stakabadhi zake, maana ndizo watakazosoma wajukuu.